SIMBILISI WA JIRANI ANATESEKA: UNAMPOST AU UNAGONGA MLANGO?

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani, wala nani kavaa nini kwenye send-off ya Jumamosi. Nina jambo limenikaa kooni wiki kadhaa sasa, nimeona bora niliseme. Linamhusu mtu mwenye jina mjini hapa, ila jina silitaji. Mkimaliza kusoma mtajua kwa nini. Na nyie mnaoishi Bilele, naomba msianze kubuni kwenye komenti.

Iko hivi. Jirani yangu ni MC. Sio MC wa kubahatisha, ni wale ambao familia inauliza kwanza kama yeye ana nafasi ndipo inapanga tarehe ya harusi. Mwaka jana alialikwa kusherehesha harusi Njombe, akarudi na simbilisi wawili kwenye boksi, zawadi ya mtoto wake. Safari yote ile ya basi mpaka Mwanza, halafu meli usiku kucha mpaka huku, na wale viumbe wakafika wazima.

Kwa asiyemjua, simbilisi ni yule mnyama mdogo mnene, hana mkia, masikio yamelala, ukimwangalia haraka unaweza kusema ni panya aliyenenepa au sungura aliyekatwa masikio. Huko Iringa na Njombe ni mfugo wa kawaida. Wenzetu wa Kivu, Kongo, wanawafuga jikoni, wanawaita dende. Kwetu hapa ni wachache waliowahi kumwona, kwa hiyo mtaa mzima ulienda kuchungulia. Watoto walipanga foleni kama ya chanjo. MC akapiga nao picha, akaweka status, akaweka Instagram, watu wakamwaga makopa. Baada ya hapo picha zikaisha. Wanyama walibaki.

Banda lao lilikuwa tenga la nyanya, limewekwa nyuma ya jiko, upande wa ukuta wangu. Mimi dirisha langu la jikoni linaangalia huko. Mwanzoni nilikuwa nawasikia kila asubuhi. Simbilisi akisikia hatua za mtu anayemletea majani anapiga mluzi, tena wa nguvu, utadhani kondakta. Yule mtoto alikuwa akirudi shule anakata ukoka kando ya barabara, anawapa, anakaa nao mpaka giza. Nyie, ilikuwa inapendeza.

Halafu mtoto akapelekwa kwa bibi yake Muleba. Sababu ni za nyumba ya watu, siziandiki. Ninachojua ni kwamba kuanzia hapo mluzi ulianza kupungua. Kwanza wakawa wanapiga kila mtu akipita, hata mimi nikifungua bomba la maji. Baadaye ukawa wa hapa na pale. Mwisho kimya.

Siku moja nikapanda kwenye ndoo, nikachungulia. Jamani. Maranda ya mbao yamelowa mkojo mpaka harufu inachoma macho. Kopo la maji limepinduka. Chakula ni ukoko wa ugali na maganda ya parachichi. Mmoja manyoya yamenyonyoka shingoni mpaka ngozi inaonekana, anajikuna muda wote. Mwingine amejikunyata kwenye kona, kucha zimekua mpaka zimepinda.

Sasa hapa naomba niseme ukweli mchungu kuhusu mimi mwenyewe. Kitu cha kwanza nilichofanya sio kuwapa majani. Nilitoa simu. Nikarekodi kama sekunde arobaini, nikasogeza picha mpaka kwenye ile shingo, na maneno ya kuweka juu nilikuwa nayo tayari kichwani: MC wa mamilioni, wanyama wake wanakufa njaa. Nilijua ingesambaa kabla ya saa nne usiku. Na msidhani niliacha kuituma kwa sababu nina roho nzuri. Bando lilikuwa limeisha.

Nilipopata bando hasira zimeshapoa, woga umeingia. Nikajiambia mambo ya nyumba ya mtu hayanihusu. Nitasema nini? Nitaonekana mmbea. Tutaonana vipi kesho asubuhi kwenye geti? Hivyo nikakaa siku nne, nafunga dirisha la jikoni ili nisisikie harufu.

Siku ya tano nikakutana na dada wa kazi wa pale, ana mfuko mkononi, anaelekea kwenye jalala.

"Umebeba nini, mdogo wangu?"

"Mmoja amekufa, dada. Alikuwa hali tangu juzi."

Kwa hiyo video yangu haikumsaidia, na adabu yangu ya kukaa kimya nayo haikumsaidia. Ndiyo maana naandika.

Tuliopo mjini huwa tunadhani mnyama mdogo hana mambo mengi, unamtupia makombo basi. Simbilisi hayuko hivyo. Mwili wake hautengenezi vitamini C, kama sisi binadamu. Asipoipata kwenye majani mabichi na mboga anaumwa ugonjwa uleule uliokuwa unawamaliza mabaharia wa zamani: viungo vinavimba, fizi zinatoa damu, anashindwa hata kutembea. Meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune nyasi kutwa ili yasagike. Ugali hausagi meno. Tumbo lake nalo linatakiwa liwe na kazi muda wote. Simbilisi aliyeacha kula siku nzima sio wa kusubiri mpaka kesho, hiyo ni dharura. Halafu parachichi, ambalo kwetu Kagera linaanguka lenyewe chini ya mti, kwa wanyama wadogo kama yeye ni sumu. Yaani yule dada alikuwa anawapa alichonacho kwa moyo mweupe, na kumbe alikuwa anawaumiza. Hakuna aliyemwambia wanakula nini. Aliyekuwa anajua ni mtoto wa miaka tisa, na mtoto yuko Muleba.

Jumatatu jioni nikaenda. Nilichagua Jumatatu kwa sababu MC Ijumaa mpaka Jumapili yuko kazini, na mtu ambaye hajalala hapokei maneno. Sikwenda mikono mitupu. Nilibeba fungu la majani na hoho mbili. Nikagonga.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Karibu jirani. Leo umenikumbuka."

Akaangalia yale majani mkononi kwangu, akainamisha kichwa. "Najua umekuja kwa ajili ya hao."

"Kaka, sijaja kukusema. Nimekuja kuomba. Huyu aliyebaki, niruhusu nimtafutie sehemu ya kukaa."

Wadau, mimi nilijiandaa kwa matusi. Nilijiandaa kuambiwa nifunge dirisha langu. Yule bwana ambaye Jumamosi anasimama mbele ya watu mia tatu hakosi neno, alikaa kimya muda mrefu. Akaniambia mambo mawili matatu ya nyumbani kwake ambayo nimeyaacha palepale sebuleni. Akaniambia kila akipita nyuma ya jiko anageuza uso. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo: "Mtoto nitamwambia nini?"

Hapo ndipo nilipoona ningefanya nini na ile video. Mimi nilidhani nitamwaibisha MC. Kumbe yule mtoto huko Muleba angeiona kwenye simu ya mjomba wake, mnyama wake kanyonyoka shingo, na watu mia wanamtukana baba yake. Dada wa kazi angefukuzwa kesho yake asubuhi, maana mkubwa akiaibika anatafutwa mdogo wa kubeba. Na simbilisi? Angetupwa usiku uleule ili watu wakija wakute tenga tupu. Ndiyo inavyokuwa.

Tulimpigia mtoto simu. Baba yake alijitahidi kuzunguka, mtoto hakumpa nafasi. Aliuliza, "Wamekula?" Baba akamwambia ukweli kwamba mmoja amekufa. Mtoto akalia, sisi tukakaa tunasikiliza. Baadaye akasema huyu mwingine apelekwe kwa mtu mwenye majani. Basi, uamuzi ukawa umetoka.

Sasa niwape na yale tuliyojifunza, maana kuhurumia ni rahisi, kazi iko kwenye utaratibu.

Kwanza dawa. MC alitaka tumpe amoksilini iliyobaki ya mtoto, tumsagie kwenye maji. Nashukuru tuliuliza kwanza. Mtaalamu wa mifugo alitukataza kabisa: dawa za jamii ya penisilini zinaua bakteria wazuri wa tumbo la simbilisi, na zinaweza kumuua yeye mwenyewe. Tatizo la shingo lilikuwa utitiri, akachomwa sindano ya ivermectin kwa kipimo cha uzito wake, akakatwa na kucha. Kwa hiyo ukimwona mnyama wa jirani anaumwa, usikimbilie kabati lako la dawa.

Pili mahali. Tulimpata mwalimu mmoja mstaafu, anaishi Kibeta, anafuga sungura na ana nyasi za kutosha. Mwalimu alikubali, ila akasema hatamweka na sungura. Sungura ana teke linaloweza kumvunja simbilisi, na anaweza kubeba bakteria ambao yeye hawamdhuru lakini mwenzake wanampeleka kwenye nimonia. Banda likawa la peke yake. MC akanunua mbao na wavu kwa hela yake, bila kuombwa.

Tatu mwenzake. Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Simbilisi ni mnyama wa kundi, akikaa peke yake ananyong'onyea hata kama anashiba. Uswisi waliliona hilo mpaka wakaliweka kwenye sheria: tangu 2008 ni marufuku kule kufuga simbilisi mmoja. Mmoja akifa inabidi umtafutie aliyebaki mwenza, na kuna mama alijulikana kwa kazi ya kuwakodisha. Kucheka rukhsa, mimi pia nilicheka. Ila nilipomwona huyu wetu anakaa anaangalia ukuta, nikaacha kucheka. Ilituchukua karibu mwezi kumpata mwenzake, kwa mtumishi mmoja aliyehamia huku kutoka nyanda za juu kusini. Tulihakikisha wote ni majike, maana ukiweka dume hapo, baada ya miezi miwili na kidogo una ukoo.

Na chakula: nyasi na majani ndiyo ugali wake, yawepo muda wote, yasiwe yamepuliziwa dawa. Juu ya hapo kipande cha hoho kila siku kwa ajili ya vitamini. Maji safi. Sakafu kavu, na kwa mvua hizi za Bukoba hilo la sakafu kavu ni kazi ya kila siku.

Sasa turudi kwenye hoja yangu, maana najua mmeshaanza kuandika.

Kuna atakayesema, "Watu wana shida, wewe unalilia panya." Ndugu yangu, yale majani ni ya bure, yanaota kando ya barabara. Hakuna mtoto wa mtu aliyenyimwa chakula ili simbilisi ale ukoka. Na mtu anayeweza kupita kila siku mbele ya kiumbe kinachokufa kiu kwa sababu ni kidogo, mimi sina uhakika atasimama siku akikutana na kikubwa.

Kuna atakayesema, "Huko Njombe huyo ni kitoweo." Ni kweli, na sina ugomvi na hilo. Lakini hata kuku wa kuchinjwa Krismasi anapewa maji mpaka siku yenyewe. Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell kule Uingereza iliangalia mifugo ya kuliwa, sio ya kubembelezwa, ikasema mnyama angalau aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo vyake. Hayo ni matano tu. Lile tenga la nyanya lilikuwa halifikishi.

Na kuna atakayesema, na huyu ndiye namuogopa zaidi kwa sababu anafanana na mimi wa siku ile: "Mtu maarufu afichuliwe, ajifunze." Sawa. Lakini anajifunza nini? Anajifunza kujenga ukuta mrefu. Sikatai kwamba kuna watu hawasikii. MC angenifukuza, nisingesema basi nimemaliza. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, mwaka uleule wa hao Waswisi, na mwenye mnyama ana wajibu wa kumtunza, awe maarufu asiwe maarufu. Ningeenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ningeenda kwa afisa mifugo. Na ile video ningempelekea yeye, mtu mwenye mamlaka ya kuja kuangalia, sio watu elfu kumi wasio na hata fungu moja la majani.

Wapo pia wa kuruka ukuta usiku wamchukue. Nawaelewa, nilishawaza hivyo. Lakini huo ni wizi, utamweka pabaya yule dada wa kazi, na mwenye nyumba akinunua mwingine kesho utakuwa umefanya nini?

Mimi lawama zangu nyingine zinawaendea hawa mastaa wetu wadogo wadogo wa mitandaoni, wa hapa na wa kwingine. Siku hizi mnyama amekuwa kama wigi, unampiga picha wiki moja halafu unamtupa kwenye kona. Leo sungura, kesho kasuku, keshokutwa simbilisi. Simbilisi akitunzwa anaishi miaka mitano mpaka minane. Kabla hujanunua jiulize mtoto akienda bweni nani atakata majani. Kama jibu ni "dada atajua", basi huyo dada umkalishe umfundishe, na umuulize kama yuko tayari. Sio kila kazi ya nyumba ile aliajiriwa nayo.

Na lawama iliyobaki ni yangu. Siku nne. Nilikuwa na majani nje ya geti langu, nilikuwa na mkono wa kuyakata. Ningegonga mlango siku ile ya kwanza, huenda wangekuwa bado wawili walewale. Mwalimu wa Kibeta aliniambia niache kujilaumu, lakini mimi naona bora niendelee kidogo, itanisaidia siku nyingine.

Mtoto alikuja likizo. Baba yake alimpeleka Kibeta Jumapili asubuhi, siku ambayo kwa kawaida huwa amelala mpaka saa saba. Nilikuwepo. Mtoto alisukuma geti tu, mluzi ukaanza, wote wawili kwa pamoja. Mwalimu akasema, "Wanakusalimia hao." Mtoto akamjibu, "Hapana, wanataka majani." Anawajua.

Video nimeifuta. Msinifuate inbox kuniuliza ni MC gani, na wale mnaojua naomba mmheshimu, maana wengi wetu tungegeuza uso kama yeye na tusingefungua mlango alivyofungua.

Haya, nyie mnaonaje? Ukimwona mnyama wa jirani anateseka, unaanza na nini? Uliwahi kugonga mlango ukafukuzwa? Ulifanyaje? Niandikieni hapo chini, nasoma zote. Na kama wewe ndiye jirani mwenye mnyama nyuma ya jiko, usisubiri nigonge. Nenda kamwangalie.